Msitu Unalindwa, Udongo Je?

Kuhesabu nyungunyungu ni kazi isiyohitaji mashine. Unabeba jembe, panga, karai, turubai jeupe na subira. Unapima mraba wa sentimita 25 kwa 25 kwenye sakafu ya msitu, unauchimbia mtaro pande zote nne, kisha unautoa udongo tabaka kwa tabaka mpaka kina cha sentimita 30, ukiuvunjavunja kwa vidole juu ya turubai. Kinachojikunja unakiokota na kukitia kwenye kichupa cha spiriti. Siku moja mwishoni mwa masika nilikuwa nimepiga magoti hivyo katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, chini ya mti ambao watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi. Shimo la kwanza lilinipa majongoo wawili, tandu mmoja, mizizi laini kama nywele isiyo na idadi, na nyungunyungu mmoja tu, mwembamba kama uzi wa mshona viatu. Kijana wa kijiji jirani aliyekuwa akinishikia karai akacheka. "Dokta, kwetu nyuma ya zizi ukipiga jembe mara moja unatoa kumi. Sasa huku mnalinda nini?"

Siku ile sikuwa na jibu fupi. Swali lenyewe nimelisikia kwa namna nyingine kwa maofisa misitu na kwa wanafunzi wangu: kama nyungunyungu ni dalili ya udongo mzuri, mbona msitu uliohifadhiwa unao wachache kuliko shamba la migomba? Msimamo wangu ni kwamba hesabu ya vichwa peke yake haituelezi lolote kuhusu uzima wa msitu. Tunachopaswa kuuliza ni nyungunyungu hao ni wa ukoo gani, wanaishi tabaka lipi, na udongo unaowabeba una hali gani. Na kwa kuwa mipango mingi ya usimamizi wa hifadhi niliyowahi kuisoma huanzia kwenye miti na kuishia kwa ndege na vyura, ikiupa udongo aya moja tu ya maelezo ya eneo, tunaweza kuupoteza msitu kwa chini huku mawe ya mipaka yakiwa yamesimama vilevile.

Udongo mkongwe chini ya mvua nyingi

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mkoani Tanga, ilitangazwa rasmi mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina hekta 8,380 hivi. Mvua yake ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mgeni anayepanda kutoka Muheza na kuuona ukijani ule huamini mara moja kwamba anakanyaga ardhi yenye rutuba isiyo na mfano. Wajerumani waliamini hivyohivyo. Katika miaka ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wakapanda kahawa. Haukupita muda mibuni ikadhoofika na mashamba yakaachwa. Leo kinachostawi pale juu ni chai, mmea unaoupenda udongo mchachu.

Sababu iko kwenye umri wa ardhi na wingi wa maji. Milima ile imesimama juu ya miamba ya kale sana, na mvua imekuwa ikiuosha udongo wake tangu zama zisizohesabika. Maji yanaposhuka hubeba kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, yakiacha nyuma madini ya chuma yanayoupa udongo wekundu wake, pamoja na aluminiamu. Kwenye uwanda wa juu pH ya udongo mara nyingi haifiki 5. Uchachu ukifika hapo, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuisumbua mizizi ya mazao mengi, na fosforasi hushikwa na madini ya chuma kiasi kwamba mmea hauipati hata ikiwapo. Kwa maneno mengine, hazina ya msitu ule haiko ardhini. Iko kwenye miti yenyewe, na kwenye tabaka jembamba la majani yanayooza, ambalo mizizi imejitandaza ndani yake ili kudaka kila kinachoachiwa kabla mvua haijakichukua. Ukilifunua tabaka hilo utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeunganisha majani na mizizi kama mshono. Ndiyo maana ukikata miti na kuondoa majani, unabaki na udongo mwekundu mzuri kwa kutazama na maskini kwa kulimia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa mweke nyungunyungu katika mazingira hayo. Hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima ibaki na unyevu. Udongo mchachu unaiwasha. Spishi nyingi huanza kuukimbia udongo pH inaposhuka chini ya 4.5. Jamaa kadhaa wa nyungunyungu wana tezi za chokaa kooni, na chokaa hiyo inatokana na kalsiamu, kitu ambacho udongo wa Amani ni bahili nacho. Basi uchache niliouona kwenye shimo langu la kwanza haukuwa ugonjwa. Ulikuwa hali halali ya msitu wa mlimani wenye udongo mkongwe, ambao kazi yake kubwa ya kurudisha virutubisho inafanywa na kuvu, mizizi, mchwa na majongoo. Mahali penye mvua ya milimita 2,000, kuoza haraka ni hasara, kwa sababu kinachooza haraka kuliko mizizi inavyoweza kudaka kinaishia mtoni.

Je, wale wachache wanafanya nini? Tangu miaka ya 1970, kwa kumfuata mtaalamu Mfaransa Marcel Bouché, tunawagawa katika makundi matatu. Wapo wa juu, wadogo na wenye rangi iliyokoza, wanaoishi ndani ya majani yaliyoanguka na kwenye magogo yanayooza, na ambao hawateremki ardhini ila kwa nadra. Wapo wa ndani, wenye rangi ya kupauka, wanaokula udongo wenyewe na kutafuta chembe za mboji zilizomo. Na wapo wachimbaji wa wima, wenye mashimo ya kudumu, wanaopanda usiku kuchukua jani na kulivuta chini. Kila kundi lina kazi yake. Wa juu huyakata majani kuwa vipande ambavyo kuvu na bakteria wanaviweza. Wa ndani huuchanganya udongo na kuufanya chembechembe. Wachimbaji hufungua njia ambazo maji ya mvua kubwa huzipita badala ya kutiririka juu ya ardhi. Ukiwa na nyungunyungu mia moja wa kundi moja tu, una kazi moja inayofanywa mara mia na kazi mbili ambazo hazina mwenyewe.

Kazi yenyewe inafanyika tumboni. Nyungunyungu hana uwezo mkubwa wa kusaga mboji peke yake. Anachofanya ni kuumeza udongo, kuuongezea maji na ute wenye sukari nyepesi, na kuwaamsha bakteria waliokuwa wamelala humo wakisubiri chakula. Bakteria wakiamka huanza kuvunja hata vile vigumu, na nyungunyungu hupata fungu lake. Kinachotoka nyuma ni kinyesi chenye naitrojeni na fosforasi katika hali ambayo mzizi unaipata kwa urahisi zaidi kuliko kwenye udongo wa pembeni. Kichukue kinyesi hicho kikiwa kimekauka, kifinye: ni kidonge kigumu chenye chembe za mboji zilizofungiwa ndani. Kwa muda mfupi kimetoa chakula, na kwa muda mrefu kimeificha kaboni isioze. Ukubwa wa kazi hiyo unapohesabiwa unashangaza. Katika savana ya Lamto, Ivory Coast, mtafiti Patrick Lavelle na wenzake walionyesha kwamba nyungunyungu wanaweza kupitisha tumboni hata zaidi ya tani 1,000 za udongo kwa hekta moja kwa mwaka. Savana ile si Amani, wala sitaki mtu aichukue tarakimu hiyo na kuibandika huku. Ninachotaka ni msomaji aone kwamba akibadilika mla udongo, umebadilika udongo wenyewe.

Kuna jambo jingine linalowafanya hawa wachache kuwa wa thamani. Afrika kusini mwa Sahara ina ukoo wake wa nyungunyungu, Eudrilidae, ambao kwa asili haupatikani bara jingine lolote. Historia ya kuujua imepita karibu sana na Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo na mimea, na mkurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Franz Stuhlmann, aliyewahi kusafiri bara na mvumbuzi Mjerumani Emin Pasha. Vielelezo vya nyungunyungu kutoka Afrika Mashariki vilipelekwa Hamburg, ambako mtaalamu wa nyungunyungu Wilhelm Michaelsen alivielezea kimoja kimoja. Jenasi moja akaiita Stuhlmannia, nyingine Eminoscolex. Tuna wanyama wetu wenye majina ya wageni, na kumbukumbu zao muhimu ziko kwenye chupa za jumba la makumbusho Ulaya, wakati huku nyumbani ni vigumu kumpata mtu anayeweza kukutazamia mmoja chini ya darubini akakutajia jina.

Hilo lina athari hata kwenye sayansi ya dunia. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa nyungunyungu duniani, wenye takwimu za maeneo karibu 7,000 kutoka nchi 57. Ulionyesha kwamba ukichimba sehemu moja nchi za baridi ya wastani, utapata spishi nyingi kuliko ukichimba sehemu moja ya tropiki. Wapo waliolisoma hilo wakasema tropiki ni maskini wa nyungunyungu. Wamekosea. Waandishi wenyewe walieleza kwamba huku kwetu utajiri unaweza kuwa katika tofauti ya mahali na mahali: kilima hiki kina wake, kilima cha pili kina wengine. Milima ya Tao la Mashariki, ambamo Usambara imo, imejitenga mmoja na mwingine kama visiwa, na tumeona jambo hilohilo kwa vyura na vinyonga. Isitoshe, nukta za Afrika kwenye ramani ile ni chache mno. Usipochimba huhesabiwi.

Sifa zilizozidi na dhana zilizopotoka

Nianze na dhana ndogo. Nyungunyungu hana undugu wa karibu na minyoo ya tumboni. Huwezi kuambukizwa naye safura, wala vidonda vya miguuni ambavyo baadhi ya watu huviita kwa jina lake. Akikatwa vipande viwili hawi wawili: kipande chenye kichwa huenda kikapona, kile cha mkia hufa. Na si kila kirefu chenye pingili kinachotoka udongoni ni nyungunyungu. Amani yuko kiumbe aitwaye kitaalamu Boulengerula boulengeri, asiye na miguu, anayeishi ardhini maisha yake yote. Wengi humuua wakidhani ni nyoka, na wengine humwona nyungunyungu mkubwa. Ana uti wa mgongo, taya na meno, na ni jamaa ya vyura. Chakula chake ni mchwa na nyungunyungu. Ukiuharibu udongo umemnyang'anya sahani, naye hana pengine pa kwenda, kwani makazi yake ni milima hii.

Dhana kubwa, na ndiyo hatari, ni ile inayosema wakiwa wengi ndiyo vizuri zaidi. Hapa nawalaumu hata wataalamu wenzangu. Tangu Charles Darwin alipochapisha kitabu chake juu ya nyungunyungu mwaka 1881, tumemsifu mnyama huyu katika kila semina ya kilimo hadi sifa zimetupofusha. Tazama habari za Pontoscolex corethrurus. Asili yake ni Amerika Kusini, na leo ameenea karibu tropiki yote kwa kubebwa na udongo wa miche. Ana tabia moja inayomfanya asizuilike kirahisi: hahitaji mwenza ili azae. Mmoja akiingia kwenye chungu cha mche, ukoo umeingia. Karibu na Manaus, Brazili, msitu ulipofyekwa kuwa malisho, nyungunyungu wa asili walitoweka na huyu akaishika ardhi yote. Kinyesi chake hutoka kikiwa chepesi kama uji na hukauka kikiwa kigumu. Msituni wapo wadudu na mizizi ya kukipasua. Kwenye malisho hawakuwapo, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalikuwa ardhi iliyozibwa kwa juu, maji yasiyopenya na nyasi zilizokufa. Udongo ule ulikuwa na nyungunyungu tele kuliko msitu. Ulikuwa umekufa nao.

Mfano wa pili uko kaskazini mwa Marekani na Kanada, katika ardhi iliyofunikwa na barafu mpaka miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Misitu ya huko ilikua bila nyungunyungu wowote. Walowezi wakaja nao kutoka Ulaya kwenye mizizi ya mimea, na wavuvi wakaendelea kuwamwaga msituni kila walipobakiwa na chambo. Nyungunyungu wale wamelila tabaka la majani ambalo maua na miche ya msitu huo ilikuwa inaoteshea mizizi, na kuiacha ardhi tupu. Hapo hapakuwa na sumu wala moto. Palikuwa na mnyama mwema mahali pasipo pake.

Kwa hiyo ninaposikia mradi unataka "kurutubisha" kingo za hifadhi kwa kumwaga nyungunyungu wa mbolea, napata homa. Wale wekundu wanaouzwa kwa kutengenezea mboji ni wa asili ya Ulaya, na huishi kwenye lundo la samadi na mabaki ya jikoni; kwenye udongo mtupu wa msitu wengi watakufa. Mwenzao maarufu, Eudrilus eugeniae, ni wa Afrika Magharibi. Sina ugomvi nao nyumbani, kwenye pipa la mboji. Ugomvi wangu ni kumchukulia nyungunyungu kama mbolea ya mfukoni, kwamba huyu ni sawa na yule.

Hapo ndipo jibu la kijana wangu lilipo. Nyuma ya zizi kuna samadi, mkojo wa ng'ombe, majivu ya jikoni yanayopunguza uchachu, na maganda ya ndizi. Hiyo ni karamu, na kwenye karamu wageni huwa wengi. Lakini wageni hao ni wale wale wanaopatikana kwenye bustani nyingi za tropiki. Yule mmoja mwembamba niliyemtoa chini ya mti mkubwa huenda hapatikani popote nje ya safu ile ya milima. Ukichoma msitu wako ukabaki na zizi, utakuwa na nyungunyungu kumi kila pigo la jembe, na umepoteza spishi.

Mti wenye jina la Emin

Mfano wa namna udongo unavyobadilika bila mtu kuvunja sheria ni mti wa musizi, Maesopsis eminii. Nao, kama ile jenasi ya nyungunyungu, umebeba jina la Emin Pasha. Musizi ni mti wa asili Afrika Magharibi, Kongo, Uganda, Kakamega na Kagera, lakini Usambara uliletwa. Ulipandwa mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, kuziba mapengo ya ukataji mbao. Hondohondo wakalipenda tunda lake na kuzibeba mbegu mpaka ndani ya msitu. Pengo lolote likifunguka, musizi ni wa kwanza kuota.

Ukitaka kuona tofauti, simama mahali msitu wa asili unapokutana na kikundi cha misizi mikubwa, kisha uvuke kwa miguu. Upande wa kwanza unakanyaga laini, majani ya miaka miwili mitatu yakiwa yamepangana, ya chini yakiwa meusi. Ukivuka, sauti ya hatua zako inabadilika. Majani ya musizi ni mepesi na huoza haraka, kwa hiyo tabaka ni jembamba, na baada ya mvua kubwa utaona udongo mwekundu umechungulia, na vijiwe vimesimama juu ya vinguzo vidogo vya udongo kwa jinsi matone yalivyochimba pembeni. Kwa nyungunyungu wa juu, wale wa kwenye majani, hilo ni paa limeezuliwa. Kwa wale wa ndani wanaopenda chakula chepesi, ni mwaliko. Msitu kwenye picha ya setilaiti unabaki kijani, na ripoti inasema asilimia ya uoto haijapungua. Ripoti haisemi uongo. Imetazama kutoka juu tu.

Iliki imefanya jambo linalofanana. Kwa miongo mingi wakulima wa Usambara Mashariki wameipanda chini ya miti mikubwa iliyoachwa kwa ajili ya kivuli, baada ya kufyeka vichaka na miche ya chini. Kwa mbali ni msitu. Kwa karibu, hakuna miti michanga ya kurithi, majani yanayoanguka ni kidogo, na baada ya miaka kadhaa mavuno hushuka na mkulima huhamia kwingine. Simlaumu mkulima, iliki imesomesha watoto. Nasema tu kwamba udongo ndio uliolipa ada.

La kufanya

Naijua hoja inayofuata: hifadhi zina walinzi wachache, majangili wa mbao, moto na wachimba dhahabu, nawe unatuletea nyungunyungu? Jibu langu ni maji. Mto Zigi unatoka kwenye milima hii, unajaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Jiji la Tanga. Udongo wenye majani juu na matundu ndani huimeza mvua ya masika na kuitoa polepole hadi kiangazi. Udongo uliozibwa huitupa mtoni siku hiyohiyo, pamoja na tope. Mtu wa Chumbageni au Ngamiani mjini humo anayefungua bomba Januari anategemea kazi ya viumbe asiowajua, kilomita kadhaa kutoka kwake.

La kwanza, basi, ni kupima. Kila hifadhi ya misitu iwe na vituo vichache vya kudumu: kwenye kilele, kwenye mteremko na bondeni; ndani ya msitu wa asili, chini ya musizi, kwenye iliki ya zamani, na kwenye shamba la jirani kwa kulinganisha. Mwisho wa masika, kila baada ya miaka mitano, vipimwe vitu vitano: unene wa tabaka la majani, pH, ugumu wa udongo, kasi ya maji kupenya, na nyungunyungu kwa makundi na kwa spishi. Mtaro na turubai nilivyovieleza mwanzo ni njia iliyosanifishwa kimataifa na imekwisha kutumika jirani zetu. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa nchi saba kuhusu uhai wa chini ya ardhi ulichimba Embu na Taita nchini Kenya, na Mabira nchini Uganda. Gharama kubwa ni posho ya watu wanne kwa wiki mbili. Msipime kiangazi: nyungunyungu wengi hujikunja kama fundo ndani ya kijumba cha ute na kulala, nanyi mtaandika sifuri isiyo ya kweli.

La pili, acheni majani na magogo yalale. Kufagia njia za watalii mpaka udongo ung'ae ni usafi wa uani, haufai msituni. Gogo linalooza ni nyumba ya nyungunyungu wa juu na akiba ya unyevu wakati wa jua. Ruhusa za kuokota kuni ziangalie hilo: vijiti vikavu vichukuliwe, magogo makubwa yaliyolala yaachwe. Magari na mifugo visipite nje ya njia, maana udongo ulioshindiliwa mara moja huchukua miaka kufunguka.

La tatu, fungeni mlango wa udongo wa kigeni. Bustani ya mimea ya Amani ilipokea mimea ya mabara mengi, na bustani kama hizo zimekuwa mlango mmojawapo wa nyungunyungu wageni. Miche ya kurejesha msitu ioteshwe kwa udongo wa hapohapo, isiletwe kwenye viriba kutoka mbali. Mboji ya nyungunyungu isiingizwe hifadhini, maana vifuko vya mayai ni vidogo na hupita bila kuonekana. Buti na majembe ya watafiti, nikiwemo mimi, yaoshwe kabla ya kuhama kilima.

La nne, musizi upunguzwe taratibu. Nimesikia wanaotaka ukatwe wote kwa mkupuo. Ukifanya hivyo umelifungua pengo ambalo musizi huohuo utalijaza, na umeuanika udongo kwenye jua na matone. Ukaushwe mmoja mmoja kwa kuchunwa gome, huku miche ya miti ya asili yenye majani mazito ikiwa tayari imesimama chini yake. Kwa jirani mwenye iliki, tumsaidie kuchanganya: karafuu, pilipili manga, miti ya kivuli inayoangusha majani ya kutosha, na samadi kwenye shina. Chokaa na majivu vibaki shambani kwake; msituni uchachu ni sehemu ya nyumba. Na dawa za ukungu zenye shaba zisipigwe karibu na mipaka, kwa sababu shaba hujilimbikiza udongoni na ni sumu kwa nyungunyungu.

La tano ni watu. Vyuo vyetu vikuu vinatoa wahitimu wa sayansi ya udongo na wa zuolojia kila mwaka. Wawili tu wakisomeshwa kumtambua nyungunyungu kwa umbo na kwa vinasaba, wakapelekwa Hamburg kupiga picha vielelezo vya Michaelsen na kurudi na nakala, tutaweza kusema ni yupi wetu na yupi mgeni. Bila hao tutaendelea kuandika "nyungunyungu, 14" kwenye fomu na kudhani tumeandika kitu.

Yule wa shimo la kwanza bado yuko kwenye kichupa chake, na karatasi ndani imeandikwa tarehe, mwinuko na jina la msitu. Nafasi ya spishi iko wazi mpaka leo, na itabaki wazi mpaka apatikane mtu wa kuijaza.